Kombe la Wadi Kabir

Mjomba Amur hakuwa mtu wa kuikimbia halwa. Kwa hiyo Nadra alipomwona anaingia nyumbani kwao Darsait, mjini Maskati, saa nane mchana, kilemba kimemwendea upande, bakora inagonga vigae ko ko ko, na harusi aliyokwenda bado haijafika hata kwenye kahawa, alijua limetokea jambo.

"Mie na Marhoon kukaa sinia moja, basi tena," alisema mzee, akajitupa kwenye kochi. "Mbele ya watu, Nadra! Kanambia, 'Kombe kamuulizeni Suud, ndiye aliyelifukua.' Babaako huyo anamsema. Mtu yuko kaburini mwaka wa kumi na tisa huu, anaitwa mwizi juu ya wali!"

Azzam, mume wa Nadra, aliacha kumenya chungwa. "Na wewe ukamjibu nini, mjomba?"

"Nlimjibu ukweli. Nlimwambia mwizi ni yeye, na nlimwona kwa macho yangu haya mawili."

Nadra alicheka, lakini kwa mazoea tu. Ugomvi ule alikua nao tangu utotoni, na siku zote aliusikia kama utani wa wazee. Safari hii kicheko hakikumtoka vizuri. Baba yake ametajwa hivyo mbele ya ukumbi mzima, na hana tena mdomo wa kujitetea.

Kisa chenyewe kilikuwa cha mwaka sabini na sita. Familia nyingi zilizotoka Afrika Mashariki zilikuwa ndiyo kwanza zimefika Maskati, zinatafuta kazi, zinajifunza joto. Vijana wao wakaanzisha timu mbili za mpira. Waliotoka Unguja na Pemba walijiita Karafuu. Waliotoka bara, Kigoma, Mwanza na Bujumbura, walijiita Maziwa, kwa ajili ya yale maziwa makubwa ya kwao, na Karafuu hawakukawia kuwaita Maziwa Mgando. Uwanja ulikuwa tambarare ya changarawe huko Wadi Kabir, magoli ya mabomba, bila nyavu.

Idi Kubwa ya mwaka ule mfanyabiashara mmoja wa Matrah akatoa kombe. Mechi ikaisha mbili kwa mbili. Ikapangwa irudiwe Ijumaa inayofuata, lakini hakuna upande uliokubali kombe lilale kwa wenzao hata usiku mmoja. Ngumi zikataka kurushwa. Ndipo manahodha, Suud wa Karafuu na Marhoon wa Maziwa, wakakata shauri: kombe lizikwe pale pale, nyuma ya goli, wao wawili tu wakijua mahali, na Amur, golikipa wa Karafuu na shemeji yake Suud, asimame mbali kuwazuia wengine wasisogee. Likazikwa. Siku ya tatu mvua ikanyesha milimani, wadi, mto ule mkavu wa kando ya uwanja, likashuka kwa kishindo, likapita juu ya uwanja mzima na kuondoka na magoli. Mechi haikurudiwa. Miezi miwili baadaye matingatinga ya barabara yakaingia. Kombe halikuonekana tena, na kila timu ikabaki na hakika yake moyoni.

"Mjomba," Nadra aliuliza, "goli gani hasa walilozikia?"

"La upande wa jabali."

"Wadi Kabir kote ni jabali, mjomba."

"Jabali kubwa, mwanangu. Unajifanya huelewi."

Nadra aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na bomba refu la kadibodi. Azzam alipoliona tu, aliinuka naye akaenda stoo kutafuta betri za mashine.

Wawili hawa walikuwa na mchezo wao. Nadra alichora ramani katika ofisi ya serikali miaka ishirini na tisa. Kompyuta zilipoingia na karatasi za zamani zikawa zinangojea kutupwa, aliandika barua akaomba apewe, akapewa, na sasa mabomba kumi na moja ya kadibodi yamelala nyuma ya kabati la nguo. Azzam alikuwa fundi wa maji, na alistaafu na mashine ya kutafutia mabomba yaliyofukiwa, ile ya mpini mrefu na sahani chini, inayolia inapopita juu ya chuma. Aliiita Kinanda. Watoto walipoolewa na kuoa, na nyumba ikawa kimya, mume na mke wakagundua kuwa karatasi za mmoja na mashine ya mwenzake zinafaa pamoja. Nadra anasaka katika ramani ya zamani mahali watu walipokuwa wakikusanyika, penye njia iliyokufa, kisima kilichofukiwa, kituo cha magari ambacho sasa ni bustani ya mtu. Wanakwenda kubisha hodi kwa mwenye ardhi, wanaomba ruhusa, wanapita na Kinanda. Penye ngome, magofu na makaburi hawasogei, maana vitu vya kale vina wenyewe na sheria yake inajulikana. Walikuwa wameshapata funguo zisizo idadi, kifuniko cha buli, filimbi ya askari wa barabarani, na pete moja ya arusi ambayo bibi mmoja wa Hamriya aliipokea akalia, kisha akawapikia maandazi.

Ramani aliyoitandaza Nadra juu ya meza ilikuwa ya mwaka sabini na tano, na kila sentimita moja ya karatasi ilikuwa mita ishirini na tano za ardhi. Aliivuta miwani, akafuata mstari wa wadi kwa kidole. Pale, katikati ya nafasi nyeupe, palikuwa na pembe nne za nukta nukta, na ndani yake neno moja dogo la Kiarabu: mal'ab. Kiwanja.

"Ewallah!" Mjomba Amur aliinama mpaka ndevu zikagusa karatasi. "Ndiyo huu! Hapa ndipo nlipodaka penalti mbili siku moja!"

Nadra alipima kutoka ukingo wa wadi mpaka pembe ya uwanja, akachukua goli la mashariki kwa sababu huko ndiko jabali lilikokuwa refu zaidi, kisha akahamishia vipimo kwenye picha ya setilaiti katika simu yake. Nukta ikaangukia uwanja wa nyuma wa gereji.

Mwenye gereji, Ghassan, alikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Nadra alipomweleza kwa Kiarabu wanachokitafuta, aliwaita mafundi wake waje wasikie. "Kombe la mpira? Chini ya gereji yangu?" Akafuta machozi. "Chimbeni mnapotaka. Ila Jumapili gari la saruji linakuja, nnamwaga sakafu uwanja mzima. Likishapita hilo, kombe lenu litabaki huko mpaka Kiyama."

Ijumaa asubuhi, gereji zote zimefungwa na barabara imetulia, waliingia watatu. Mjomba Amur alitafutiwa kiti cha gari kisichokuwa na gari, akakaa kivulini na chupa yake ya chai kama refa. Azzam aliwasha Kinanda, na Kinanda kikalia. Akasogea hatua, kikalia. Akarudi nyuma, kikalia vile vile. Ardhi ile ilikuwa imemeza nati, bolti, spana, vifuniko na vipande vya mabati kwa miaka karibu hamsini, na yote yalikuwa yanajibu salamu.

Walichimba saa nne nzima. Walitoa ringi ya gurudumu, sufuria isiyo na kitako, mnyororo wa pikipiki na kitasa cha mlango wa lori. Kila kitu kilipotokeza, Mjomba Amur alinyanyuka nusu kwenye kiti, kisha akaketi tena. Karibu na wakati wa sala ya Ijumaa waliweka koleo chini.

"Si nlikwambieni?" alisema mzee, lakini sauti yake haikuwa na ushindi. "Marhoon kalibeba zamani."

Njiani Azzam, jasho limechora ramani yake mwenyewe mgongoni, alimwambia mkewe, "Pale mashine haiwezi kutafuta, Nadra. Pale ramani ndiyo itafute, mashine ije kusema ndiyo au siyo tu."

Maneno yale yalimkaa. Baada ya chakula alirudi peke yake Wadi Kabir, akasimama juu ya daraja, akatazama chini. Wadi lilikuwa limejengewa kingo za saruji, limenyooka kama rula. Akafungua picha ya ramani katika simu. Kwenye ramani wadi lilikuwa na tumbo, limepinda kuelekea mashariki kama mtu aliyeshiba.

Nadra alijipiga kofi la paji la uso, mpaka mpita njia akageuka. Alikuwa amepima kutoka ukingo ambao haupo tena! Miaka ishirini na tisa aliwafundisha wachoraji wapya kwamba ukitaka kuipachika ramani ya zamani juu ya nchi ya leo, shika vitu visivyohama, kamwe usishike maji. Na yeye, kwa haraka ya kumsafisha baba yake, alishika maji.

Hilo lingeweza kurekebishwa. Jingine lililobaki ni goli. "Jabali kubwa" la Mjomba Amur lingeweza kuwa upande wowote. Aliyekuwa anajua kwa hakika, na bado anapumua, alikuwa mtu mmoja tu.

Hakumwambia mjomba wake. Baada ya Alasiri alikwenda Hamriya.

Duka la Marhoon lilikuwa la kofia. Kofia nyeupe zilizotariziwa kwa nyuzi za kila rangi zilipangwa kwenye rafu mpaka darini, na mzee mwenyewe, mrefu, mkavu, miwani ameipandisha kwenye paji, alikuwa anampima mteja kichwa kwa utepe. Nadra alingoja mteja atoke.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

"Mie Nadra. Nadra binti Suud."

Utepe ulisimama mkononi. Marhoon alivuta kiti, akamwonyesha akae, akamimina kahawa kabla ya kusema neno. "Kama umekuja kunigombeza kwa ya harusini, nigombeze. Nilikosa. Sikupaswa kumtaja marehemu vile. Mjomba wako alinichokoza, akaniita Mgando mbele ya wakwe zangu."

Nadra aliuma mdomo asicheke. "Sikuja kukugombeza, ami. Nnataka kujua mlizika goli gani."

"Ili iweje?"

"Nna ramani ya uwanja."

Marhoon alimtazama sana. Kisha akashusha miwani, na sauti yake ikashuka nayo. "Nitakueleza jambo ambalo sijamweleza mtu. Wiki ile, baada ya mafuriko, nilirudi kule. Nilichimba. Nilichimba siku mbili. Magoli yalikuwa yamechukuliwa na maji, kila mahali changarawe mpya, sikujua mbele wala nyuma. Sikupata kitu. Nikasema moyoni, basi, Suud amenitangulia."

"Na Mjomba Amur alikuona unachimba."

"Aliniona?"

"Kwa macho yake mawili, anavyosema. Ndiyo maana mwizi ni wewe."

Mzee aliweka kikombe chini. Mabega yakaanza kumtikisika, na Nadra alidhani analia mpaka kicheko kilipotoka. "Miaka karibu hamsini," alisema Marhoon, anajifuta. "Wallahi, miaka karibu hamsini huyu mtu hanipi mkono wa Idi!"

"Goli gani, ami?"

Alifumba macho. "Baba yako alihesabu hatua, mimi nilibeba koleo. Tulipokuwa tunatembea kuelekea golini jua la jioni lilikuwa linatupiga usoni, nikawa nimeweka mkono hivi." Aliinua kiganja juu ya nyusi. "Nguzo ya kushoto. Hatua saba nyuma yake. Tulilifunga ndani ya jezi ya baba yako, na juu yake kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, maji yasiingie."

Jua la kabla ya Magharibi, usoni. Magharibi basi. Nadra alikunywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja, ikamuunguza, hakujali.

"Kesho saa moja asubuhi, ami. Njoo gereji ya Ghassan."

"Amur atakuwepo?"

"Atakuwepo."

"Basi nitakuja," alisema Marhoon. "Nije nione."

Jioni ile Nadra alifanya kazi aliyoipenda kuliko zote. Alichukua karatasi nyembamba ya kunakilia, ile inayopitisha mwanga, akanakili kutoka ramani ya zamani vitu vitatu visivyohama: mnara wa walinzi uliobomoka juu ya kilima, pembe ya ukuta wa makaburi, na alama ya shaba ambayo wapimaji waliipigilia katika jiwe juu ya barabara, ambayo aliwahi kuigusa kwa mkono wake akiwa mchoraji mchanga. Kisha akanakili uwanja. Azzam akamchapishia picha ya setilaiti kwa kipimo kile kile. Nadra aliibandika picha kwenye kioo cha dirisha, jua la mwisho likiwa nyuma yake, akaiweka ile nyembamba juu, akaizungusha taratibu. Mnara ukakaa juu ya mnara. Ukuta ukakaa. Alama ya shaba ikaenda pembeni kwa upana wa unywele, akavuta kidogo, ikakaa.

"Azzam, njoo."

Goli la magharibi lilikuwa ndani ya uwanja ule ule wa Ghassan, hatua ishirini na tano kutoka shimo lao. Kosa la wadi lilikuwa limewasogeza huku, kosa la goli likawasogeza kule, na makosa mawili yalikuwa yamekaribia kufutana.

"Hapo pana nini?" aliuliza Azzam.

Nadra alisogeza jicho karibu. "Matairi. Mlima wa matairi."

Jumamosi Marhoon alifika wa kwanza, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya kichwani. Mjomba Amur alipomwona aligeuka kumtazama Nadra kwa jicho ambalo lingeweza kukausha nguo. Nadra alijifanya anafunga viatu. Wazee wakakaa, mmoja kwenye kiti cha gari, mwengine kwenye debe, wamepeana migongo.

Ghassan alikuwa amekuja kwa kushindwa kujizuia, pamoja na mafundi wawili, na wote wakaanza kuhamisha matairi. Yalikuwa mengi. Baada ya muda Marhoon aliinuka, akakunja mikono ya kanzu, akabeba tairi dogo. Mjomba Amur akamtazama. Akainuka naye, akabeba kubwa zaidi. Marhoon akarudi na mawili. "Wazee, mtavunjika viuno!" alipiga kelele Azzam, lakini hakuna aliyemsikiliza, na mlima ukaisha upesi kuliko alivyotarajia mtu yeyote.

Nadra alisimama katikati ya ardhi iliyobaki tupu na utepe wa kupimia. Alipima kutoka pembe ya ukuta wa gereji mpaka mahali nguzo ya kushoto ilipokuwa, akachomeka kijiti. "Mstari wa kalamu kwenye ramani una upana wa mita moja na zaidi," aliwaambia. "Kwa hiyo hapa, au hapa karibu. Sasa hatua saba."

Marhoon alijinyoosha, akaanza kuhesabu. "Moja. Mbili."

"Hatua gani hizo?" Mjomba Amur hakuweza kunyamaza. "Hivo ndivo anavotembea bibi arusi!"

"Nina miaka sabini na tano!"

"Na Suud ndiye aliyehesabu, si wewe. Suud alikuwa na mguu mrefu."

Kwa mara ya kwanza siku ile, wakatazamana. Halafu wakamtazama Nadra. Alikuwa mrefu. Ukoo mzima ulimwambia hivyo tangu msichana, kwamba kachukua kimo cha baba yake, bega kwa bega, na mama yake alikuwa akilalamika kuwa nguo zake zinamaliza kitambaa.

"Tembea wewe," alisema Mjomba Amur.

Nadra aliweka kisigino kwenye kijiti. Alikuwa na miaka tisa siku ile kombe lilipozikwa, na alichokumbuka ni baba yake kuingia nyumbani magoti yamejaa vumbi, anacheka peke yake, anakataa kumwambia mama ametoka kufanya nini. Alijaribu kutembea kama mtu yule. Moja, mbili, tatu. Nne, tano, sita. Saba.

Azzam alipitisha Kinanda. Kikakoroma kwa sauti nzito, sauti ya chuma cha kawaida. Akageuza kitufe cha sauti, akasogea nusu hatua. Kikakoroma. Akasogea tena, na ghafla ikatoka sauti nyengine kabisa, nyembamba, safi, ndefu.

"Hiyo si nati," alisema Azzam.

Walichimba kwa zamu. Mkono ulipozama mpaka kwapani, koleo liligusa kitu kinachobonyea. Azzam alipiga magoti, akafukua kwa vidole, akavuta kipande cha mpira mweusi kilichokauka na kupasukapasuka. Chini yake palikuwa na kitambaa cha jezi kilichooza, ambacho rangi yake ya kijani bado ilionekana mahali pawili patatu. Ndani ya kitambaa kulikuwa na kombe.

Lilikuwa dogo. Hilo lilimshangaza Nadra kuliko yote, maana katika hadithi za mjomba wake lilikuwa linahitaji watu wawili kulibeba. Lilikuwa na urefu wa birika, shaba iliyopakwa fedha, limekuwa jeusi, sikio moja limebonyea. Azzam alilisugua kwa kidole gumba, na maandishi ya Kiarabu yakajitokeza: Kombe la Idi, 1396, kwa hesabu ya Hijria.

Azzam aliliinua juu wote walione. Kisha Ghassan alipiga kelele kama mtu aliyefunga goli, mafundi wakapiga kelele, gereji za jirani watu wakatoka nje kuuliza nani amekufa, wakaambiwa hakufa mtu, wakapiga kelele nao.

Marhoon alikuwa amekaa chini, kanzu yake nyeupe kwenye udongo wa mafuta. "Suud," alisema. "Suud, ndugu yangu, nisamehe."

Nadra alichuchumaa mbele yake, akamwekea kombe mapajani. Akamshika mkono.

Mjomba Amur alikuja polepole, bakora yake ameisahau. Alisimama juu yao. "Nlikuona unachimba, Marhoon."

"Nilichimba. Nilichimba mahali sipo."

"Siku mbili?"

"Siku mbili, Amur. Mikono ikatoka malengelenge."

Mjomba Amur aliangalia pembeni, akaangalia juu, akaangalia lile shimo. "Basi mie mpumbavu," alisema. Aliinama kwa shida, akamshika mwenzake chini ya kwapa amnyanyue, na kwa kuwa hakuwa na nguvu hizo, wakaangukiana wote wawili na kubaki pale wamekumbatiana, mmoja anacheka, mwengine anacheka na kulia. Ghassan aliagiza chai ya maziwa kwa gereji nzima. Picha zilipigwa nyingi, na katika kila moja kuna mtu amefumba macho.

Jumapili saruji ilimwagwa kama ilivyopangwa.

Mechi ya marudio ilichezwa mwezi uliofuata, kwenye uwanja wa kukodi wenye majani ya plastiki, wajukuu wa Karafuu kwa wajukuu wa Maziwa, wavulana na wasichana, na mashangazi wakipiga vigelegele kutoka pembeni mpaka mwenye uwanja akaja kuuliza kama ni arusi. Maziwa walishinda nne kwa tatu. Kombe sasa limekaa Hamriya, dukani, katikati ya kofia. Marhoon alitaka kulipeleka kwa sonara anyooshe sikio na kulipaka fedha upya, Mjomba Amur akakataa katakata, likabaki na weusi wake. Kila Alhamisi asubuhi Mjomba Amur anapanda teksi kutoka Darsait kwenda kulikagua. Ukaguzi unachukua mpaka adhuhuri, na unahitaji kahawa na halwa.

Alhamisi moja Nadra alimsindikiza, na bomba la kadibodi chini ya kwapa. Alitandaza karatasi mpya, nyeupe, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Alikuwa ameuchora uwanja upya, mkubwa, kwa wino mweusi, na wadi lake lenye tumbo, na mnara, na jabali huku na jabali kule, na jina lake kwa Kiarabu na kwa Kiswahili.

"Nnataka majina," aliwaambia. "Wote ishirini na wawili. Kila mtu aliposimama wakati kipyenga kinalia."

Wazee walivuta viti. Kwa penseli, wino uje baadaye, golini mwa Karafuu aliandika Amur, katikati akaandika Suud, kwa herufi zile zile za ofisini alizokuwa akiandikia majina ya miji. Upande wa pili akaandika Marhoon. Yakaanza kuja mengine, majina ya watu waliohamia Sohar na Salala, wa jeshini, wa benki, waliokufa, mmoja aliyekuwa akicheza peku kwa makusudi, mmoja aliyewahi kuzimia Ramadhani moja kwa njaa ya funga na bado akafunga goli. Kila jina lilitoka na kisa chake, na Nadra aliacha kalamu hewani mpaka kisa kiishe.

"Sasa winga wenu wa kushoto," alisema Marhoon. "Yule mfupi, aliyekuwa akifanya kazi bandarini."

"Hakuwa kushoto huyo. Kulia." Nadra akamweka kulia.

"Kushoto, Amur. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkaba."

"Ulimkaba lini wewe? Ulikuwa huwezi hata kumwona, anakupita kama upepo."

"Alinipita kushoto!"

Mjomba Amur alifikiri. Alinyanyua mkono wa kulia, akautazama, akanyanyua wa kushoto, akageuka na kiti chake mpaka goli lake pale ramanini likawa mgongoni kwake, kama golikipa.

"Kushoto," alikubali. "Muandike kushoto, mwanangu."

Nadra alifuta, akaandika upya.